Uganda: Miaka 30 ndani ya Katiba, lugha ya alama ingali ikisubiri mkalimani

Katiba ya Uganda ilitimiza miaka 30 tarehe 8 Oktoba 2025. Kila inapojadiliwa hadharani, mazungumzo huelekea haraka kwenye mihula ya uongozi, umri wa mgombea urais, ardhi na uchaguzi. Kipo hata hivyo kifungu kimoja kifupi ambacho ni nadra kukisikia kikitajwa nje ya mikutano ya wale kinaowahusu. Kimo katika Malengo ya Kitaifa yanayotangulia sura ya kwanza, kwenye Lengo la 24 linalozungumzia utamaduni. Kinasema kwamba dola itahimiza maendeleo ya lugha ya alama kwa ajili ya viziwi.

Maneno hayo machache yaliiweka Uganda miongoni mwa nchi za kwanza kabisa duniani kuitaja lugha ya alama katika katiba. Finland ilifanya hivyo mwaka huohuo wa 1995. Afrika Kusini ikafuata mwaka 1996, Kenya mwaka 2010, Zimbabwe mwaka 2013. Mwaka mmoja tu baada ya Katiba kutangazwa, Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bunge la Uganda kupitia viti vilivyotengewa watu wenye ulemavu, na anatajwa kuwa kiziwi wa kwanza kuwa mbunge barani Afrika. Alichangia hoja kwa mikono, mkalimani akazitoa kwa sauti, na taifa likaona kwamba jambo hilo linawezekana bila kikao kusimama wala paa kuanguka.

Kwa hiyo anayetaka kujua kutajwa kwa lugha katika katiba kunaleta nini, na kunaacha nini bila kuguswa, hana haja ya kwenda mbali. Uganda imekuwa na miaka 30 ya kulijibu swali hilo, na jibu lake bado halijakamilika.

Lugha mbili katika foleni moja

Wasomaji wa ukurasa huu wana sababu yao wenyewe ya kulifuatilia jambo hili. Sisi tunaotumia Kiswahili nchini Uganda tumesimama katika foleni hiyohiyo. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na katika miaka iliyofuata raia wengi walikisikia kikitoka vinywani mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Doa hilo halijafutika lote. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, lakini yakafunga mlango nusu kwa sharti kwamba kitatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Septemba 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Julai 2022, katika wiki ileile ambayo Siku ya Kiswahili Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza, likaridhia Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Yeyote aliyekuwa akisubiri tangu 2005 anaujua umbali uliopo kati ya neno "rasmi" na ubao wa darasani.

Hata hivyo foleni ni moja, nafasi ni mbili tofauti. Kiswahili kimo katika ibara ya 6, ambayo ndiyo ibara ya lugha, jirani kabisa na Kiingereza. Lugha ya alama haimo humo. Iliwekwa kwenye malengo, yaani katika sehemu inayoielekeza dola inapotunga sera, na si katika sehemu inayompa raia haki anayoweza kuidai mara moja. Ibara ya 8A, iliyoongezwa mwaka 2005, inasema nchi itaongozwa kwa kufuata misingi iliyomo katika malengo hayo na kulitaka Bunge litunge sheria za kuitekeleza. Kwa lugha ya kawaida: Kiswahili kiliahidiwa kutumika, lugha ya alama iliahidiwa kuendelezwa. Aliyesomea sheria ataona pengo hilo mara moja. Aliyelazwa hospitalini bila mkalimani ataliona mapema zaidi.

Na hapo ndipo ulinganisho wetu unapofika mwisho. Msemaji wa Kiswahili akikosa huduma kwa Kiswahili kwenye dirisha la ofisi, hugeukia Kiganda, Kiingereza au Kinubi, kutegemea alikozaliwa. Ataudhika, pengine ataona ameshushwa hadhi, lakini hatimaye shughuli yake itakwisha. Kiziwi hana pa kugeukia. Akikosa lugha ya alama, amekosa mazungumzo yenyewe. Karatasi na kalamu humsaidia aliyesoma, na wengi hawakupata nafasi ya kusoma. Kwa hiyo wanaouliza kwa nini viziwi wanashinikiza hivyo ilhali lugha nyingi za Uganda hazina hadhi rasmi wanasahau kwamba Mlugbara au Mkonzo anaweza kujifunza lugha ya jirani kwa kuisikia sokoni. Mlango huo kwa kiziwi umefungwa tangu utotoni.

Lugha iliyokua mabwenini

Bado wapo wanaodhani lugha ya alama ni Kiingereza kilichowekwa mikononi, au vijiishara ambavyo kila mtu angeweza kuvibuni palepale. Utafiti uliliondoa wazo hilo muda mrefu. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu katika chuo cha viziwi cha Gallaudet nchini Marekani, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba alama zina vipashio na kanuni zake kama maneno yalivyo na sauti. Umbo la mkono, mahali unapowekwa, namna unavyosogea, na uso pia: nyusi zikiinuka, kauli hugeuka swali. Ndiyo maana barakoa za miaka ya korona zilikuwa adha maradufu kwa viziwi. Zilificha midomo na sehemu ya sarufi pamoja nayo.

Lugha ya Alama ya Uganda ina historia fupi na ya kusisimua. Shule za kwanza za viziwi nchini zilianzishwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, wakati walimu wa karibu dunia nzima walikuwa bado chini ya kivuli cha mkutano wa Milan wa mwaka 1880. Mkutano huo wa waelimishaji uliamua kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kusoma midomo na kutamka, na alama ziwekwe kando. Huko Vancouver mwaka 2010, miaka 130 baadaye, mkutano wa kimataifa wa waelimishaji wa viziwi ulieleza majuto kwa madhara ya uamuzi ule. Katika miaka hiyo ya kati, watoto wa Uganda walitumia siku zao kutazama midomo ya walimu darasani, kisha jioni bwenini wakazungumza kwa mikono. Alama walizotoka nazo vijijini zilikutana na alama za wenzao, nyingine zikaja kutoka Uingereza, Marekani na Kenya, na ukapatikana mchanganyiko wenye ladha yake. Ni mwaka 1988 tu ambapo sera ilibadilika na kuruhusu alama zitumike darasani pamoja na usemaji.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji wa Kiswahili watalipenda. Watumiaji wa lugha ya alama mara nyingi huambatanisha alama na mwendo wa midomo unaofanana na neno la lugha ya kusemwa. Uganda, midomo hiyo hufuata Kiingereza na Kiganda, na katika maeneo ya mashariki na kaskazini wataalamu wameona Kiswahili kikizidi kujitokeza. Lugha yetu, ambayo mabaraza na mawaziri wamekuwa wakiisubirisha mlangoni, imeshaingia kwenye midomo ya watu wasioisikia. Hakuna aliyewaamuru.

Mwaka 2006 ilitoka kamusi ya Lugha ya Alama ya Uganda, kazi ya Chuo Kikuu cha Kyambogo na Chama cha Kitaifa cha Viziwi cha Uganda, UNAD, kilichoasisiwa mwaka 1973. Mmoja wa waandishi wake, Sam Lutalo-Kiingi, ambaye mwenyewe ni kiziwi, aliendelea na utafiti na mwaka 2014 akakamilisha tasnifu ya uzamivu juu ya sarufi ya lugha hiyo katika chuo kikuu kimoja nchini Uingereza. Kyambogo pia hufundisha wakalimani. Hivyo anayesema leo kwamba lugha ya alama haijawa tayari kutambuliwa kikamilifu kwa sababu haina kamusi, sarufi wala wataalamu, amechelewa kwa takriban miaka 20.

Neno moja kuhusu maneno. Kwenye dawati la tafsiri hili ni suala la kila siku. Kenya huandika "lugha ya ishara", Tanzania "lugha ya alama". Ukurasa huu unafuata la pili, kwa sababu ishara inaweza kuwa hata mkono wa kondakta wa basi, ilhali alama inakaribia zaidi dhana ya kitu chenye maana iliyokubaliwa. "Kiziwi" ni neno ambalo viziwi wenyewe wanalitumia kwa fahari; Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimelibeba katika jina lake. "Bubu" ni jambo jingine. Wengi wa wanaoitwa hivyo wana sauti na wana lugha. Kiganda kina kasiru, linalomtaja asiyesema na papo hapo humaanisha mpumbavu, na UNAD imefanya kazi kubwa kuwaeleza watu uzito wake. Neno la namna hiyo hufanya kazi kabla sheria haijafika. Mzazi anayemwita mtoto wake hivyo hatauza mbuzi ili amlipie karo.

Nani anafasiri, nani analipa

Sheria zipo. Ibara ya 28 ya Katiba inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2006, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2020, iliwataka wamiliki wa vituo vya runinga waweke mkalimani wa alama au maandishi angalau katika taarifa moja kuu ya habari kila siku. Uganda pia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Mkataba huo unahesabu lugha za alama kuwa lugha sawa na za kusemwa, na unazitaka nchi zitambue na kuendeleza matumizi yake.

Mahakamani haki hii ina meno kidogo, kwa sababu kesi isiyo na ukalimani inaweza kubatilishwa. Lakini haki ya ibara ya 28 humfikia mtu akiwa tayari kizimbani. Kabla ya hapo kuna kituo cha polisi, na pale mwanamke kiziwi aliyebakwa au kupigwa hufika akiwa mlalamikaji, si mshtakiwa. Anayemfasiria mara nyingi ni ndugu, naye ndugu huyo anaweza kuwa ndiye mtuhumiwa au rafiki wa mtuhumiwa. Maelezo yakishaandikwa kwenye jalada kwa kubahatisha, wakili wa upande wa pili hana kazi kubwa.

Hospitali ndipo mahali pagumu zaidi, na ndipo hoja za kisera hukoma kuwa za kinadharia. Mjamzito kiziwi anaingia chumba cha kujifungulia. Mkunga anamwambia asisukume bado. Hakuna anayelifikisha neno hilo. Au mgonjwa anapimwa virusi vya UKIMWI na majibu yake yanafasiriwa na mtoto wake wa miaka 11 anayejua alama za nyumbani. Usiri wa mgonjwa, ambao kila muuguzi amefundishwa kuulinda, umekwisha kabla daktari hajafungua mdomo, na mtoto amebebeshwa mzigo usio wake. Wengine huamua kutokwenda kabisa. Kidonge alichopewa mtu bila kuelezwa kinatumiwaje nacho ni hatari, na hatari hiyo haionekani kwenye takwimu yoyote ya wizara kwa sababu kwenye rejesta ameandikwa kama mgonjwa aliyehudumiwa.

Wakalimani waliofunzwa wapo, lakini ni wachache wakilinganishwa na mahitaji, na kazi zao zimejikita Kampala na miji mikubwa, kwenye warsha na mikutano ambako kuna anayelipa. Hiki ndicho kiini cha tatizo. Lugha ya kusemwa ikifanywa rasmi, serikali hunufaika na mamilioni ya watu wanaoijua tayari. Lugha ya alama ikifanywa rasmi, serikali lazima imwajiri mtu, imweke mahali, impe mshahara wa kila mwezi na posho ya usiku. Bila nafasi hiyo kuandikwa katika orodha ya watumishi wa hospitali ya rufaa, kifungu cha Katiba kinabaki kuwa salamu ya heshima.

Televisheni nayo imeleta sura ya mkalimani nyumbani kwa watu, na hilo si jambo dogo kwa mtoto kiziwi anayeona kwa mara ya kwanza mtu mzima mwenye suti akizungumza kama yeye. Ila anayetazama kwa makini ataona kisanduku kilichobanwa kwenye kona, mikono ikikatwa na mstari wa habari unaopita chini. Hiyo ni sawa na kusoma taarifa ya redio huku mtu ameziba kipaza sauti kwa kiganja. Na tukitaja redio, ambayo ndiyo njia kuu ya habari kwa Waganda wengi, hasa vijijini, inabidi kusema lililo wazi: matangazo ya kipindupindu, chanjo, mafuriko na uchaguzi hupita hewani, na viziwi huyapata yakiwa yamechelewa, yamefupishwa na jirani mwenye huruma.

Majirani wamefika wapi

Kenya ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika maandishi. Katiba ya 2010 inaitaka dola iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya, inampa mwenye ulemavu haki ya kuitumia, na katika ibara ya 120 inaifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Miswada ya kuitengenezea lugha hiyo sheria yake mahususi imepita njia ndefu yenye mabonde, lakini shuleni imepatikana hatua inayoonekana: mtahiniwa kiziwi hufanya mtihani wa Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Alama anazopata huhesabiwa sawa na za mwenzake.

Rwanda ina lugha rasmi nne, Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na, tangu 2017, Kiswahili. Ya alama haimo. Tanzania, nyumbani kwa Kiswahili sanifu, haikuitaja lugha ya alama katika Katiba yake, ingawa ilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, na shule ya viziwi ya Tabora imekuwepo tangu 1963.

Mfano unaoisuta Uganda zaidi uko kusini. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 iliitaja lugha ya alama kwa namna inayofanana sana na ya Uganda: iendelezwe, izingatiwe, itengenezewe mazingira. Viziwi wa huko hawakuridhika na hilo. Julai 2023, baada ya miaka 27, marekebisho ya Katiba yalitiwa saini na lugha hiyo ikawa lugha rasmi ya 12. Yaani hatua kutoka "kuendelezwa" hadi "rasmi" imeshapigwa na nchi iliyoanza nyuma yetu kwa mwaka mmoja.

Lugha za alama hazifuati mipaka ya lugha za kusemwa, na jambo hilo lina uzito katika nchi inayohifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Mkongo anayefika Nakivale au Kyangwali akizungumza Kiswahili hupata wa kumwelewa siku ileile. Kiziwi kutoka Kongo hukuta alama nyingine. Sehemu ya sababu ni historia: Andrew Foster, Mmarekani mweusi na kiziwi, alianza Ghana mwaka 1957 na kueneza shule za viziwi katika nchi nyingi za Afrika Magharibi na ya Kati, Kongo na Burundi zikiwemo, akitumia alama zenye asili ya Marekani. Alifariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Alama hizo zina undugu na za Uganda, lakini undugu hautoshi mtu anapohojiwa kuhusu kwa nini alikimbia kwao. Mara nyingi kuna hali mbaya zaidi: mkimbizi hana lugha yoyote ya alama, kwa sababu vita vilimkuta kabla shule haijamkuta. Huyo hahitaji mkalimani mmoja. Anahitaji wawili, mmoja akiwa kiziwi mzoefu wa kujenga maana kutokana na alama za nyumbani.

Mtihani wa mwaka 2022

Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya hadhi rasmi ni gharama. Haipaswi kupuuzwa, kwa sababu hospitali nyingi za wilaya zinakosa hata glavu. Lakini hoja hiyo hutumika kwa upande mmoja. Serikali haikutaja gharama ilipoamua kufundisha Kiswahili katika kila shule, uamuzi unaohitaji maelfu ya walimu. Ilitaja Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo wakuu wake Februari 2021 walikifanya Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Pale utashi ulipokuwepo, bajeti ilianza kutafutwa. Hoja ya pili, kwamba hadhi rasmi ni jina tu na kwamba wakalimani ndio muhimu, ina ukweli zaidi. Mwandishi huyu angekubali mkalimani mmoja katika kila hospitali ya rufaa kabla ya neno lolote jipya katika ibara ya 6, kama ingelazimu kuchagua. Ila historia ya miaka hii 30 inaonyesha kwamba bila neno hilo, nafasi ya kazi haiandikwi, na ikiandikwa na mradi wa wafadhili hufutika mradi unapokwisha.

Umri nao una sauti katika mjadala huu. Watoto viziwi walio wengi sana huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi hupoteza usikivu wakiwa wadogo baada ya homa ya uti wa mgongo au surua. Wazazi hawajui alama hata moja. Sera ya Uganda inataka mtoto aanze masomo kwa lugha ya eneo lake katika madarasa matatu ya mwanzo, kwa sababu hujifunza vizuri kwa lugha aliyotoka nayo nyumbani. Mtoto kiziwi hutoka nyumbani bila lugha. Akichelewa kufika shule ya viziwi hadi akiwa na miaka tisa au kumi, kama inavyotokea kwa wengi, ubongo wake umepitwa na miaka ambayo lugha hupandwa kwa urahisi, na mwalimu bora wa Ntinda au Ngora hawezi kuirudisha yote. Ahadi ya Katiba ya "kuendeleza" lugha ya alama ingepaswa kuanzia hapo, kwa mafunzo ya wazazi karibu na zahanati ya chanjo, kabla ya kamusi na maadhimisho ya Septemba 23.

Hapa Kiswahili na lugha ya alama vinakutana tena. Kiswahili kikiwa somo la lazima na la kutahiniwa, mwanafunzi kiziwi wa Wakiso au Mbale atafanya nini siku ya mtihani? Somo linalopimwa kwa imla, kwa mazungumzo na kwa ufahamu wa kusikiliza litamwadhibu kwa jambo asilolichagua. Kumwondolea somo hilo bila kumpa jingine ni kumpunguzia cheti. Jibu la Kenya liko mpakani tu, Busia na Malaba: mtihani wa lugha ya alama mahali pa Kiswahili, wenye uzito uleule. Ili Uganda iufikie, itahitaji mtaala, watahini waliofunzwa, na walimu viziwi wanaolipwa kama walimu wengine. Wanaosukuma Kiswahili kiingie madarasani, wakiwemo wengi wanaosoma ukurasa huu, wana kiti katika vikao vinavyoamua mambo hayo. Viziwi hawajaketi katika vyote.

Kilichobaki kiko mikononi mwa taasisi tatu. Bunge lina wajibu wa ibara ya 8A. Wizara ya Utumishi wa Umma ndiyo inayoandika nafasi za kazi, na nafasi ya mkalimani wa alama hospitalini na kituo cha polisi inaweza kuandikwa bila kusubiri marekebisho yoyote ya Katiba. Wizara ya Elimu itaamua kuhusu mtihani. Kila moja ina bajeti inayosomwa bungeni mwezi Juni.